Kinyonga Niliyemlisha Embe

Kwa miaka kadhaa nimepata riziki kwa kuwatembeza wageni katika mashamba ya viungo, na uwongo ulionilipa kuliko wote katika kazi hiyo ulikuwa juu ya kinyonga. Nikimtoa kwenye pakacha, nikimweka juu ya kanga nyekundu, nikiwaambia wageni wasubiri kidogo, sasa hivi ataiga rangi ya nguo. Kinyonga akitoka madoa meusi, mwili ukikoza. "Anajitahidi," nikisema, "nyekundu inampa taabu." Wageni wakicheka, simu zikipanda juu, na bakshishi ikifuata.

Kinyonga haigi kanga ya mtu. Rangi yake inafuata hali yake: joto, baridi, mwanga, hofu, ghadhabu, kutaka mwenza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, waliokuwa wakimchunguza kinyonga wa Bukini, walionyesha kuwa ngozi yake ina fuwele ndogo mno zilizopangwa safu safu. Akitulia fuwele hukaribiana, akichemka huachana, na mwanga unaorudishwa na ngozi hubadilika. Weusi una chanzo chake mbali: ni wino uliomo ndani ya seli, unaotawanyika mnyama akiingiwa na hofu au akisikia baridi. Undani wote huo sikuwa nao wakati ule, lakini lililo kubwa nililijua, maana jioni nikimwacha peke yake alikuwa kijani safi. Madoa yalikuja na mikono ya watu. Nikayauza.

Uwongo wa rangi ni mdogo, na najua wenzangu wengi wanao. Ninaloungama hapa ni jinsi nilivyomlisha, nilivyomtibu, na nilivyomficha daktari.

Alikuwa jike. Nilijua kwa sababu dume wa aina yake ana kijukucha kidogo nyuma ya kisigino cha mguu wa nyuma, naye hakuwa nacho. Ni kinyonga wa kawaida wa Unguja, ambaye wataalamu humwita Chamaeleo dilepis tangu Mwingereza William Elford Leach alipomwandika mwaka 1819. Huyo huyo utamkuta Kizimbani, Dole, Kindichi, Jozani, na hata uani kwa mtu huko Ng'ambo ya mji ikiwa mti haujakatwa. Nyuma ya kichwa ana vipande viwili vya ngozi anavyovisimamisha akikasirika, na akifunua kinywa ndani mna rangi ya chungwa. Nilimkuta juu ya mdalasini, masika yakimalizikia, amekaa karibu na panzi ambaye hakuwa na habari naye. Ulimi ukatoka, mrefu kuliko kiwiliwili chake, panzi akaondoka. Hata mimi niliyezaliwa kisiwani nilisimama kutazama. Hapo ndipo nilipopata wazo la biashara.

Lazima nieleze biashara yenyewe, maana bila ya hiyo mtu ataniona mwendawazimu tu. Shamba la viungo linalipa kidogo. Kila mwongozaji anajua kubandua gome la mdalasini, kumpaka mgeni zingefuri mdomoni, kumsokotea kofia na tai ya makuti. Mgeni akishaona hayo kwa mmoja, kwa wa pili anapiga miayo. Mwenye kinyonga ana kitu ambacho wenzake hawana. Nilimtia kwenye pakacha nikarudi naye mjini, na kila asubuhi nikawa natoka naye, kwenda shamba na kurudi.

Nyumba yetu iko Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, mji ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000 na ambao wageni huusifu kwa kivuli cha vichochoro vyake. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene za mtu kukaa dirishani akanywa kahawa. Jua kwetu linaingia kwa kuiba, mchana, kipande tu cha sakafu, kisha limekwenda. Kwa binadamu hiyo ni neema. Kwa kinyonga ni maradhi. Yeye hana joto lake mwenyewe. Asubuhi hujianika jua upande mmoja, akajitia weusi ili alinywe vizuri, na akishapata moto ndipo tumbo lake linapoanza kusaga. Asipopata moto, chakula kinakaa. Nami nilimtundika ukumbini, penye baridi nzuri, nikiona nimemstahi.

Maji nilimwekea kwenye kisosi. Kisosi kikakaa vile vile, kimejaa, nami nikafurahi kuwa sina mnyama wa kusumbua. Kinyonga hayatambui maji yaliyotulia. Anakunywa matone: umande wa asubuhi, mvua inayoning'inia ncha ya jani. Kinachomwita ni ule mmetemeto wa tone. Kwa hiyo nyumbani kwangu, kando ya kisosi kilichojaa, alikuwa na kiu tangu siku ya kwanza.

Sasa nije kwenye embe.

Nina mtoto wa ami yangu anayeishi Maskati, mtu wa kupenda wanyama tangu utoto. Nilipomtumia picha alifurahi, akanijibu kwa sauti ndefu kwenye simu kuwa na yeye anaye, mkubwa, kichwani ana kishungi kilichosimama, na anakula kila kitu: majani, tango, vipande vya embe, anavitafuna mwenyewe. Alichokisema kilikuwa kweli tupu. Kinyonga wake ni Chamaeleo calyptratus, asili yake Yemen na kusini magharibi ya Saudi Arabia, na aina hiyo kweli hula majani na matunda pamoja na wadudu. Wa kwetu ni mla wadudu. Ndugu yangu alinisimulia habari za mnyama wake. Mimi nikazifanya sheria ya mnyama wangu. Sikuuliza hata kama ni aina moja. Niliona macho yanayozunguka kila moja upande wake, mkia uliojikunja, nikasema kinyonga ni kinyonga.

Alipokataa embe sikukubali. Mgeni kwetu hakatai kula, na nadhani nilimchukulia vile vile. Nilinunua bomba la sindano, nikatoa sindano, nikamfunua kinywa kwa ukucha wa kidole gumba, nikamtia maji ya embe. Embe zilipokwisha nikamtia asali iliyozimuliwa. Alimeza, maana hakuwa na njia nyingine. Na kwa kuwa alikuwa na kiu, huenda alimeza kwa hamu pia. Nilichukua hamu ile kuwa ushahidi.

Na wadudu wenyewe nao walikuwa wagonjwa wa sukari yangu. Kukimbizana na panzi kila siku nilichoka upesi. Nikaweka ndoo nyuma ya choo, ndani yake maganda ya embe, mabaki ya fenesi, boflo iliyobaki, chipsi za jana. Mende wakaja, nzi wakaja, nzi wa matunda wakajaa wakawa wingu. Kifuniko kikifunguliwa, harufu ilikuwa ya pombe. Nikawa nachota humo humo na kumpa. Nikijisifu kwa jirani kuwa nimevumbua shamba la chakula lisilogharimu hata senti.

Nani asiyejua kinachotokea katika ndoo ile? Mgema anateremsha tembo la mnazi asubuhi likiwa tamu, jioni limekuwa kali, na hakuna aliyelitia kitu. Hamira iko hewani, iko juu ya maganda ya matunda, iko miguuni mwa nzi. Ikipata sukari na joto huzaana, na nzi wa matunda hufuata harufu yake kwa sababu hiyo hamira ndiyo chakula cha watoto wake. Kila mdudu niliyemtoa kwenye ndoo alikuwa mfuko mdogo wa sukari na hamira. Usiku nilimtia kinyonga mifuko hiyo kadhaa, juu yake nikaongeza asali, kisha nikamlaza penye baridi ambapo tumbo halisagi.

Aliyeligundua jambo hili kwanza ni mama yangu, ambaye hajapata kusoma kitabu cha wanyama maisha yake yote. Siku moja alipita karibu na tundu akasimama.

"Mwanangu, kitu chako hiki kinanuka."

"Mama, ni mnyama. Mnyama hanuki?"

"Mnyama ananuka unyama. Hiki kinanuka kama mkate wa kumimina uliosahauliwa usiku kucha."

Mama amepika mikate ya kumimina tangu usichana wake, mchele wa kuroweka, tui, sukari, iliki na hamira, na anajua kwa pua tu ni saa ngapi unga umeshapita wakati. Niliinama nikanusa. Choo cha kinyonga mzima kina sehemu mbili: kipande cha kahawia kilichoshikamana, na kando yake kitu cheupe kikavu ambacho ndicho mkojo wake. Nilichokiona chini ya tundu kilikuwa uji wa kahawia wenye povu, na ndani ya uji miguu ya mende mizima mizima, haikuguswa. Ile sehemu nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya manjano iliyoiva, dalili ya mnyama aliyekaukiwa maji. Povu ndilo lililonitisha. Lilikuwa na vijipovu vidogo vinavyopasuka kimoja kimoja nikiwa natazama.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilikwenda Darajani kununua dawa ya kuhara ya kuku.

Kila anayefuga kuku Unguja anaijua dawa ile ya unga wa manjano, oksitetrasaiklini, inayochanganywa na maji ya kunywa. Sikumwambia muuzaji kuwa nina kinyonga, kwa hiyo hakuwa na la kunionya. Nyumbani nilikisia kipimo kwa ncha ya kisu. Kuku ni mdogo, kinyonga ni mdogo zaidi, basi nusu ya nusu. Nikaichanganya na ile ile asali, ili iteremke.

Dawa ya namna hiyo inaua bakteria, na haiwezi kuigusa hamira. Tumboni mwa kila kiumbe kuna bakteria wa kila aina wanaogombania nafasi na chakula, na ugomvi wao ndio unaoifanya hamira ibaki kidogo. Ukiwaondoa, umeiachia shamba lote. Madaktari wa watu wanalijua hili siku nyingi. Mtu akinywa antibiotiki kwa muda mrefu huweza kutoka utando mweupe mdomoni, ule ule unaowapata watoto wachanga. Kundi la hamira linalohusika mara nyingi linaitwa Kandida, jina lililowekwa mwaka 1923 na Mholanzi, Bibi Christine Marie Berkhout. Kwa hiyo sukari niliileta mimi, baridi niliileta mimi, kiu niliileta mimi, na walinzi wa mwisho waliobaki nikawaua kwa mkono wangu, nikiamini natibu.

Kuhara kulipungua kidogo kwa siku chache. Hilo ndilo baya la dawa ya kubahatisha, kwamba mara nyingine inakupa moyo.

Kisha macho yake yakaanza kudidimia. Jicho la kinyonga limetokeza nje, limezungushiwa kope moja nene lenye tundu katikati. Likianza kuingia ndani hata mtoto anaona. Ulimi ukawa unatoka nusu na kuanguka kabla ya kumfikia mdudu. Nilitafuta daktari wa mifugo, nikampata binti aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Alinipokea kwa heshima, akiniita ami, lakini alipomwona mnyama uso wake ulibadilika.

Alichukua choo kibichi, akakipaka kwenye kioo, akakitia rangi, akakiweka chini ya hadubini. Akaniita nitazame. Niliona vidude vya duara dufu, rangi ya zambarau, vingi mno, na vingi vyake vilikuwa na kichipukizi kidogo kilichoota ubavuni. "Hiyo ni hamira ikizaa," akasema. Akaniambia kuwa hamira chache kwenye choo cha mtambaazi si ajabu, tena huenda zimepita tu pamoja na mdudu aliyeliwa. Kinachomtia wasiwasi ni wingi huu, na vichipukizi, na mnyama mwenyewe alivyo. Hamira peke yake, akasema, haimwambii kitu. Anataka kujua nyumba yake ikoje.

Akaniuliza maswali ambayo mpaka leo naona ndiyo matibabu yenyewe. Anakula nini? Na hao wadudu wanakula nini? Jua analipata wapi, na saa ngapi? Anakunywaje? Anashikwa na watu wangapi kwa siku? Nilijibu yote, kwa aibu, nikipunguza hapa na pale, hasa idadi ya mikono. Akamalizia: "Kuna dawa yoyote aliyopewa, ami?"

Nikasema hapana.

Sijui kwa nini. Yaani najua. Nilimwona yule binti, umri wa mwanangu, ameshanisikiliza habari za asali na embe na ndoo bila ya kunicheka, nikaona siwezi kuongeza na unga wa kuku. Kwa jibu lile moja nilimnyima kitu muhimu kuliko vyote alivyoviona kwenye kioo.

Akaniandikia nistatini, dawa ya maji wanayopewa watoto wenye utando mdomoni, kwa kipimo alichokipiga hesabu kwa uzito wa mnyama. Dawa hii ina historia nzuri ambayo baadaye niliisoma na kuipenda. Iligunduliwa na wanawake wawili wa Idara ya Afya ya Jimbo la New York, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, walioitangaza mwaka 1950. Mmoja alifanya kazi mjini New York, mwenzake Albany, na sampuli walikuwa wakipelekeana kwa posta. Kijidudu kinachoitengeneza kilitoka kwenye udongo wa shamba moja huko Virginia. Faida ya ugunduzi wao waliiachia utafiti wa sayansi. Ubora wake ni kuwa haiingii mwilini kupitia utumbo, inafanya kazi palepale tumboni na kutoka. Kasoro yake kwa upande wangu ni kuwa ya watoto mara nyingi imetiwa sukari ili inyweke, na daktari alinionya nisiongeze hata tone la kitu kitamu juu yake.

Lakini dawa ilikuwa mstari mmoja tu kwenye karatasi yake. Mistari mingine ilisema: atoke ukumbini, akae darini penye jua la asubuhi na kivuli cha kukimbilia. Majani yanyunyiziwe maji asubuhi na jioni, polepole, mpaka aonekane akilamba. Ndoo imwagwe. Wadudu wawe panzi na nyenje wa porini, au mende waliofugwa kwa majani ya mlonge na mboga, si kwa matunda yaliyooza. Na kabla ya kupewa wapakwe unga wa chokaa ya kalsiamu, kwa kuwa mdudu ana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Asilishwe kwa bomba. Mstari wa mwisho aliupigia kistari chini: asishikwe na mtu.

Nilimpa dawa kwa uaminifu mkubwa. Hilo nalisema bila kujisifu, maana ndilo lililonipoteza. Nilipanda naye darini, nikanyunyizia majani, nikamwona kwa mara ya kwanza akinywa, shingo ikipanda na kushuka, tone baada ya tone, muda mrefu mpaka mkono ulinichoka. Choo kikashikamana. Daktari alipopima tena akasema hamira zimepungua sana, tuendelee hivi hivi. Nilisikia "zimepungua sana". "Tuendelee hivi hivi" nikaiacha pale pale mlangoni.

Kwa sababu Julai ilikuwa imeingia. Anayefanya kazi yetu anajua maana yake. Julai na Agosti ndiyo miezi inayolisha mingine, hoteli zimejaa, magari ya kwenda mashambani yanatoka yamefuatana. Nikamrudisha kwenye pakacha. Darini akawa hapandi, maana asubuhi ya jua ndiyo saa yangu ya kutoka. Panzi sikupata wasaa wa kuwatafuta, ndoo ikarudi nyuma ya choo. Nikanunua nistatini nyingine mwenyewe, bila ya kumrudia daktari, nikampa kidogo kila nikiona povu. Nilikuwa nimeshaliandika jambo zima kichwani kwa namna iliyonifaa: adui ni hamira, na hamira ina dawa. Hali niliyoitengeneza mimi, ambayo ingezaa hamira hata ukiifuta mara ngapi, haikuwemo katika hesabu.

Tumbo likaanza kuvimba. Nilifurahi. Nilidhani ana mayai. Majike wa aina hii hubeba mayai mengi, hushuka chini, huchimba shimo na kuyafukia. Nikawaambia wageni ni mjamzito. Ah, bakshishi za siku zile! Akina mama wa Kizungu walimpapasa tumbo kwa kidole kimoja wakimpongeza, naye akigeuka mweusi kuanzia shingoni, vile vipande vya ngozi vimesimama, kinywa wazi. Nikawaambia anawasalimu.

Alikufa usiku. Kinyonga mzima hulala juu, ameshika tawi, amepauka karibu mweupe; huyu nilimkuta chini ya tundu, ubavu. Asubuhi ile nilikuwa na kundi la wageni waliokuja kwa ajili yake. Niliwaambia ameachiwa ili akatage.

Nilimpeleka kwa daktari ndani ya kopo, nikamwambia safari hii habari zote, pamoja na unga wa kuku. Hakunigombeza. Aliuliza kipimo, nikamwambia ncha ya kisu, akaandika "kipimo hakijulikani". Kisha akampasua mbele yangu. Hamkuwa na mayai ya kutaga. Mlikuwa na gesi. Utumbo ulikuwa umetanuka mpaka unaonekana mwanga upande wa pili, ndani mna mende wasiosagika na utando mweupe uliobandika vipande vipande kwenye ukuta. Alikwangua utando ule, akaniita tena kwenye hadubini. Safari hii havikuwa viduara tu; hamira ilikuwa imerefuka ikawa nyuzi, na hivyo ndivyo Kandida inavyofanya inapoanza kupenya nyama. Kisha akanionyesha figo, na utando wa moyo, vimepakwa punje nyeupe zinazokwaruza chini ya kisu. Mkojo wake uliganda ndani ya mwili kwa kukosa maji. "Hii haikuanza juzi," akasema. "Hii ni ya tangu kisosi."

Nikamuuliza kipi basi kilichomuua. Akaniambia kuwa akiandika hamira kwenye cheti atakuwa hajadanganya, lakini pia hatakuwa amesema.

Tangu siku ile nimesoma nilichoweza kusoma, na nimezungumza na wenzangu wa mashambani, wengine wamenielewa na wengine wameniona nimeingiwa na kitu. Wanasema kinyonga wamejaa, akifa mmoja kuna mwingine. Wako wengi, ni kweli, ingawa huko nyuma walikuwa wakisafirishwa kutoka Tanzania kwa wingi kwenda kuuzwa Ulaya na Marekani, mpaka serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Na biashara ya kuwavusha mipaka imewekewa masharti ya mkataba wa CITES tangu 1977. Idara yetu ya Misitu mimi sikuiuliza chochote nilipomchukua. Nililiona jambo dogo mno la kuuliza.

Nakiri kuwa kazi imepungua kipato. Sasa nikiona kinyonga juu ya mkarafuu au mpilipili manga nawasimamisha wageni hatua chache nyuma, nawaambia wanyamaze, tunamtazama anavyowinda. Wapo wanaochoka haraka. Wapo wanaoomba kumshika, na wako tayari kulipa, nami nakataa, si kila mara kwa sauti ya mtu mwema. Kanga nyekundu nimempa mama.

Kwa mwenzangu ambaye wakati huu ana kinyonga kwenye pakacha, au mtoto wake amemfungia uani: usimpe tunda, usimpe asali, wala usimpe dawa ya kuku. Usimwachie porini akiwa anahara, asije akaambukiza wenzake. Chukua choo chake kibichi cha leo, kitie kwenye kichupa safi, umpeleke yeye na kichupa kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mweleze kila ulichompa, hata kile unachokionea haya. Akishapona, mrudishe kwenye mti ulipomtoa, shamba lile lile.